Siku 30 za Aliyeshindwa: Barua ya Wazi kwa Jaji Mkuu wa Tanzania

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Mimi ni msaidizi wa kisheria mkoani Kagera. Ninaowahudumia ni wakulima wa migomba na kahawa, wavuvi wa ziwani, wajane wanaovutana na mashemeji juu ya kibanja (shamba la nyumbani), vijana waliokopeshana fedha bila maandishi. Kwao Mahakama ni jengo moja tu, Mahakama ya Mwanzo iliyo jirani na soko au ofisi ya kata, na hakimu ni mtu wanayemfahamu kwa sura. Mahakama nyingine za nchi hii wanazisikia redioni.

Naandika juu ya kinachompata mwananchi tangu dakika anaposomewa hukumu ya kushindwa katika Mahakama ya Mwanzo hadi siku ya mwisho ya kukata rufaa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inampa siku 30. Ndani ya siku hizo haki za watu wengi hupotea bila jaji yeyote kuzikataa, kwa kuwa hazikumfikia jaji yeyote.

Sikuandikii kumshtaki hakimu fulani. Mahakimu wa Mwanzo ninaowajua wanabeba mzigo mkubwa: mirathi, talaka, madeni, wizi mdogo mdogo, ugomvi wa majirani, na bado wanaandika mwenendo wa mashauri kwa mkono hadi vidole vinakufa ganzi. Ninachokilalamikia ni pengo lililoko kati ya mahakama moja na nyingine, na pengo hilo halina hakimu wa kulaumiwa. Ndiyo maana nimelileta kwako wewe unayeusimamia mhimili mzima.

Watoto wetu wanaufahamu muundo wa Mahakama kutoka vitabu vya uraia. Chini kuna Mahakama ya Mwanzo, juu yake Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu yenye kanda zake na divisheni zake, na juu kabisa Mahakama ya Rufani. Mchoro ni sahihi, ila hauonyeshi mtu anapandaje kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine, nani anamwelekeza, na nini kinamtokea akikosea mlango. Kwa mtu wa kijijini muundo wa Mahakama ni hayo hasa.

Ni vizuri tukumbuke kwa nini muundo huu ulijengwa. Wakati wa ukoloni nchi hii ilikuwa na njia mbili za haki. Mahakama Kuu, iliyoanza kazi mwaka 1921, ilikuwa na mahakama zake za chini na sheria zake zilizotoka Uingereza na India. Mwafrika wa kijijini alipelekwa kwenye baraza la watawala wa jadi. Kwetu Buhaya, nchi ya Wahaya, lilikuwa baraza la gombolola, yaani la mtawala mdogo wa eneo, na juu yake la mkama, mtawala mkuu. Kuanzia mwaka 1929 mabaraza hayo yaliondolewa kwenye usimamizi wa Mahakama Kuu, na aliyeshindwa rufaa yake ikawa inakwenda kwa bwana shauri, afisa wa utawala yule yule aliyesimamia kodi na amri za serikali. Mwananchi aliyedhulumiwa na utawala alikuwa anaambiwa aende akakate rufaa kwa utawala.

Uhuru ulipokuja, ukuta huo ulivunjwa kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Mwaka huo huo utemi nao ulifutwa. Mahakama za Mwanzo zikaundwa kuwa ngazi ya chini ya Mahakama moja ya taifa, na shauri la migomba lililoanzia kijijini likapata njia ya kisheria ya kupanda hadi mbele ya jaji. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipokufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977, tukaanzisha ya kwetu mwaka 1979. Sheria ya mahakimu tuliyonayo sasa, ya mwaka 1984, imeendeleza ngazi hizo hizo. Kwangu mimi hili ni moja ya mambo makubwa kabisa yaliyofanywa na kizazi cha uhuru, na halisifiwi inavyostahili. Walisema kwamba hakuna tena Mahakama ya wenye nchi na baraza la wenyeji. Kuna Mahakama moja, na mkulima anaweza kuupanda urefu wake wote.

Ushahidi kwamba hawakukosea ulitoka hapa hapa Kagera. Agosti 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Alimuuzia mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Mwanamume wa ukoo wake akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye, na mtu akizisoma sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 ataona hakimu yule hakubuni kitu, ndivyo zilivyoandikwa. Rufaa ikaenda Mahakama ya Wilaya, hukumu ikageuzwa. Shauri likapanda tena hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 zimemweka mwanamke sawa na mwanamume juu ya ardhi hiyo.

Wanafunzi wa sheria wanalisoma shauri lile hadi leo, ndani na nje ya nchi. Watu husifu ujasiri wa jaji, na anastahili sifa. Mimi huwaza rufaa ya kwanza, ile ya kutoka Kashasha kwenda wilayani. Kama ingechelewa, jaji wa Mwanza asingelijua shauri hilo kamwe, na sisi tunaowatetea wajane na mabinti tusingekuwa na hukumu ya kushika mkononi. Jaji hana namna ya kuliita shauri lisilomfikia. Akili yote iliyoko juu, vitabu vyote, uzoefu wote, vinategemea mtu mmoja wa kijijini apeleke karatasi sahihi mahali sahihi kabla ya siku kupita.

Sasa nieleze yanayotokea leo.

Hukumu inasomwa. Mwisho wake hakimu anasema mwenye kutoridhika anaweza kukata rufaa ndani ya siku 30, na kwenye jalada inaandikwa kwamba haki ya rufaa imeelezwa. Kwa maandishi jambo limekwisha. Lakini aliyeshindwa wakati ule hasikii. Ametoka kuambiwa kwamba nyumba aliyoishi miaka yote na marehemu mumewe ni mali ya ukoo. Ndugu wa upande wa pili wanapongezana mlangoni. Aliyoelezwa dakika ile, kwa mdomo, mara moja, akifika nyumbani hawezi kumrudia hata mwanawe.

Siku inayofuata, au wiki inayofuata akipata nauli, anarudi kuomba nakala ya hukumu. Anaambiwa haijachapwa. Njoo wiki ijayo. Hakimu amehamia kituo kingine kwa muda, au yuko semina, au nakala ipo lakini haijasainiwa. Anarudi tena na tena, kwa nauli ya bodaboda ambayo ni fedha ya chumvi na sabuni. Nakala inapatikana siku 30 zikiwa zimepita. Anakuja nayo kwetu akiwa na furaha, kwa sababu anaamini sasa ndiyo safari ya rufaa inaanza.

Hapo ndipo tunapolazimika kumwambia kwamba safari ilikwisha. Siku zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Anachoweza kufanya ni kuomba Mahakama ya Wilaya imwongezee muda, na huko ataulizwa kwa nini alichelewa. Atajibu kwa ukweli wake wote kwamba alikuwa anasubiri nakala ya hukumu. Jibu hilo ndilo linalommaliza.

Linammaliza kwa sababu kanuni za rufaa za mashauri ya madai yanayoanzia Mahakama ya Mwanzo, ambazo ni za mwaka 1964, hazimtaki aambatishe nakala ya hukumu. Zinamtaka alete maombi ya rufaa yenye sababu zake. Jalada lenyewe Mahakama zitaletana. Mahakama Kuu imekwisha kuamua hivyo, na uamuzi ule ulikuwa na nia njema: kumwondolea mtu wa chini mzigo wa karatasi. Matokeo yake yamegeuka. Kwa kuwa nakala si sharti, kuisubiri si sababu. Mahakama ya Rufani nayo imesisitiza mara nyingi kwamba mwombaji wa muda lazima aeleze kila siku aliyochelewa, hata ikiwa moja, na kwamba kutoijua sheria si udhuru. Ukiziunganisha kanuni hizi tatu, kila moja ikiwa na mantiki yake, unapata mlango uliofungwa kwa kufuli tatu mbele ya mtu ambaye hakuambiwa kwamba ulikuwa wazi.

Namfikiria mjane mmoja niliyemsindikiza katika safari hiyo. Shemeji yake aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, akakiingiza kibanja cha wanandoa katika orodha ya mali za ukoo. Mama akapinga, pingamizi likatupwa. Alikuwa na hoja nzito: alikuwa na mashahidi wa kwamba yeye na marehemu walikinunua kile kibanja kwa fedha ya kahawa, wakapanda kila mgomba wao wenyewe. Hoja hizo hazikupimwa na mahakama yoyote ya juu. Kilichopimwa ni hesabu ya siku. Maombi ya kuongezewa muda yalikataliwa, na sikuweza kusema kwamba hakimu aliyeyakataa alivunja sheria. Kibanja kiliuzwa. Yule mama leo anaishi kwa binti yake, na mpaka sasa anaamini kwamba alishindwa rufaa. Hakuwahi kusikilizwa rufaa yoyote.

Na kuna ukosefu wa usawa hapa, Mheshimiwa, ambao unaniuma kuliko mengine. Mtu aliyehukumiwa kwa kosa la jinai katika Mahakama ya Wilaya, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamtolea kwenye hesabu siku alizokuwa akisubiri nakala. Mwenye shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, mara nyingi akiwa na wakili, Sheria ya Ukomo inamtolea siku za kusubiri nakala. Wa Mahakama ya Mwanzo, asiye na wakili, asiyejua kuandika sababu za rufaa, ndiye peke yake anayetarajiwa kukata rufaa dhidi ya hukumu aliyoisikia mara moja tu kwa masikio. Ataandikaje kwamba hakimu alikosea katika kupima ushahidi, ikiwa hajasoma hakimu aliupimaje?

Tusidanganyike kwamba mambo ya Mahakama ya Mwanzo ni madogo. Tangu mabadiliko ya mwaka 2016 mahakama hiyo inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 30, na milioni 50 yakihusu mali isiyohamishika. Mirathi inayoongozwa na mila au na sheria ya Kiislamu inaanzia hapo. Kwa familia ya mkulima hiyo ni mali yote waliyonayo duniani. Na tangu mwaka 2021 sheria imeruhusu mawakili kuingia katika Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na mahakimu wakazi. Sipingi hilo, mtu ana haki ya kutetewa. Lakini maana yake ni kwamba sasa mwenye fedha anaingia na mtu anayezijua siku na milango yote, na mwenzake anaingia peke yake. Sisi wasaidizi wa kisheria, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, haturuhusiwi kusimama mahakamani kumwakilisha mtu. Tunamwandaa nje, tunamsubiri nje.

Hata anayefanikiwa kufika wilayani bado ana mtego mbele. Akishindwa huko na kutaka kwenda Mahakama Kuu, anapewa tena siku 30, na sheria inataka maombi yake ya rufaa ayafungue katika Mahakama ya Wilaya ile ile alikoshindwa, si Mahakama Kuu. Nani angekisia hivyo? Akili ya kawaida inasema unayemlalamikia huwezi kumkabidhi barua ya malalamiko. Watu wamesafiri hadi Bukoba mjini au wamelipia mtu wa kompyuta awasajilie shauri moja kwa moja Mahakama Kuu, wakaona rufaa imeondolewa kwa sababu ilipita mlango usio wake. Ya Mahakama ya Rufani sisemi sana: kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo inatakiwa kwanza Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria, na hilo naliona ni sawa, shauri la mbuzi mmoja haliwezi kusumbua majaji watatu bila sababu.

Mahakama imejiwekea malengo ya muda ambayo nayaheshimu: shauri lisikae zaidi ya miezi 6 katika Mahakama ya Mwanzo, 12 katika Mahakama za Wilaya na za Hakimu Mkazi, 24 katika Mahakama Kuu na ya Rufani. Kila Wiki ya Sheria tunasikia takwimu za mashauri yaliyofunguliwa, yaliyokwisha na yaliyobaki. Kipimo hicho kinahesabu muda ambao shauri limekaa ndani ya mahakama. Anayeanguka kati ya mahakama mbili hahesabiwi na yeyote. Shauri la yule mjane katika takwimu ni shauri lililomalizika kwa wakati, lisilo na rufaa, na maombi yake ya muda ni shauri jingine lililomalizika kwa wakati. Kwa karatasi ni mafanikio mawili. Ndiyo maana nasema viongozi wetu hawalioni tatizo hili: taarifa wanazoletewa hazina safu ya kuliandika.

Najua Mahakama haijalala. Tumeona Mahakama zinazotembea tangu mwaka 2019, magari yakifuata watu Dar es Salaam na Mwanza. Tumeona Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki, ambavyo vimeweka ngazi kadhaa za mahakama chini ya paa moja, na kile cha Temeke kikishughulikia mirathi na ndoa. Hukumu za mahakama za juu zinasomeka kwenye mtandao bila malipo. Makao makuu yamejengwa Dodoma. Yote hayo ni mema, na kwa walio karibu nayo yameondoa taabu nyingi. Lakini kituo jumuishi hakitajengwa kila kata, na ninachokiomba hakihitaji tofali wala mkopo.

Naomba karatasi.

Naomba utoe waraka unaoagiza kwamba kila aliyeshindwa shauri katika Mahakama ya Mwanzo, siku ile ile ya hukumu, akabidhiwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili rahisi. Ukurasa huo umwambie rufaa yake inakwenda mahakama ipi, jengo liko wapi, na ada ni kiasi gani. Umwambie kwa herufi kubwa kwamba asisubiri nakala ya hukumu. Umwambie kwamba asiyeweza kulipa ada anaweza kuomba asamehewe. Na zaidi ya yote, uandikwe siku yenyewe ya mwisho: si maneno "ndani ya siku 30", bali tarehe, mwezi na mwaka, vikiwa vimejazwa na karani na kugongwa muhuri. Mtu asiyejua kuhesabu siku za kisheria anajua kusoma tarehe, na asiyejua kusoma atasomewa na mtoto wa darasa la nne. Aliyepokea atie sahihi au dole gumba, na nakala ibaki kwenye jalada mahali pa yale maneno kwamba haki ya rufaa imeelezwa. Siku shauri la kuongezewa muda litakapokuja, hakimu wa wilaya hatakisia tena kama mtu alielezwa au hakuelezwa. Ataona.

Karatasi ya namna hiyo itolewe pia Mahakama ya Wilaya, kwa anayetaka kwenda Mahakama Kuu, na imweleze wazi ule mlango asioweza kuukisia.

Pamoja na hilo, waraka uwakataze makarani kumrudisha mtu aliyeleta maombi ya rufaa kwa kuwa hana nakala. Hutokea. Karani anafanya hivyo akidhani anamsaidia, naye anamwangamiza.

Jambo jingine liko nje ya mamlaka yako peke yako, lakini sauti yako inasikika kwa Waziri wa Katiba na Sheria na kwa Tume ya Kurekebisha Sheria. Sheria irekebishwe ili siku 30 za mtu wa Mahakama ya Mwanzo zisimame wakati anasubiri nakala aliyoiomba kwa wakati, kama zinavyosimama za wengine. Sioni sababu ya kuendelea kumtenga. Mwaka 1964 huenda ilionekana kwamba rufaa za vijijini ni za maneno machache na hazihitaji hukumu iliyoandikwa. Leo hukumu za Mahakama ya Mwanzo zina kurasa, zina vifungu, zina hoja, na anayezipinga anahitaji kuzisoma.

Na kuna lugha. Shauri huanza kwa Kiswahili, mashahidi huzungumza Kiswahili, hukumu ya Mwanzo huandikwa kwa Kiswahili. Februari 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya Mahakama, siku chache baada ya Rais Magufuli kumpandisha Jaji Galeba kwenda Mahakama ya Rufani akimsifu kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata zikaja kanuni zinazoruhusu Kiingereza katika mazingira fulani, na hukumu nyingi za juu zimeendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Naelewa ugumu wa majaji waliosoma sheria yote kwa lugha hiyo, na naelewa shauri la kampuni mbili za kigeni. Lakini rufaa iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo haina mgeni ndani yake. Wote wawili ni wa kijiji kimoja. Hukumu ya Mahakama Kuu inapokuja kwa Kiingereza, wote wawili, mshindi na mshindwa, wanaileta kwetu tuwasomee kama barua iliyotoka ng'ambo. Uanze na mashauri haya, Mheshimiwa. Uelekeze kwamba kila hukumu ya rufaa iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, kwa ngazi zote, iandikwe kwa Kiswahili. Ni mashauri ambayo jalada lake tayari liko katika lugha hiyo.

Nitajibiwa kwamba karatasi ninayoiomba italeta mafuriko ya rufaa. Inawezekana rufaa zikaongezeka. Kama zimekuwa chache kwa sababu watu wameridhika, karatasi haitawashawishi kupoteza nauli. Kama zimekuwa chache kwa sababu watu hawakujua, basi uchache huo haukuwa wa kujivunia. Nitajibiwa pia kwamba muda ni muhimu, kwamba aliyeshinda naye ana haki ya kulala akijua shauri limekwisha. Nakubali kabisa. Shemeji naye ni raia. Ndiyo maana siombi siku 30 ziwe 90. Naomba ziwe siku 30 za kweli, ambazo mtu anazijua anapozitumia na anajua anapozipoteza. Mshindi aliyeshinda kwa sababu mwenzake hakuambiwa mlango uko wapi hatalala vizuri zaidi, kwa maana ugomvi utarudi kwa njia ya uchawi, ya panga na ya vikao vya ukoo visivyokwisha. Sisi tunaoishi huku tunayaona.

Katiba yetu, katika ibara ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa. Ibara ya 107A inaitaka Mahakama isifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayozuia haki kutendeka. Mwaka 2018 Bunge liliongeza msisitizo kwa kuziagiza mahakama zitazame kiini cha shauri, na Mahakama ya Rufani ikaeleza, kwa haki, kwamba agizo hilo haliwezi kutumika kubomoa masharti ya lazima, yakiwamo ya muda. Sawa. Kama sharti la muda haliwezi kulegezwa, basi lijulikane. Sheria isiyosamehe ina wajibu mkubwa zaidi wa kujitangaza kuliko ile inayosamehe.

Wasaidizi wa kisheria wa mkoa huu tuko tayari kuifanyia majaribio karatasi hiyo pamoja na Mahakama yoyote ya Mwanzo utakayoichagua, na kuisambaza kwa mikono yetu. Tunaomba waraka wako utoke kabla ya Siku ya Sheria ijayo, na siku hiyo, pamoja na takwimu nyingine, tunaomba nchi itangaziwe idadi ya rufaa na maombi yaliyoanzia Mahakama za Mwanzo ambayo yaliondolewa kwa sababu ya muda peke yake.

Wako katika utumishi wa haki,

Msaidizi wa kisheria, Kagera